WATU WAZIMA NAO WAINGIE UWANJANI

Mtu apitaye Mbalizi jioni, wakati malori yaendayo Tunduma yanapofuatana barabarani, akigeuza macho kuelekea viwanja vya shule ataona jambo ambalo limekwisha kuwa la kawaida. Vijana wanacheza mpira. Kandokando ya uwanja, juu ya viti vilivyotolewa ofisini, wameketi watu wazima: walimu, makarani, waganga, mabwana shamba na watendaji wa kata. Vijana wanatoka jasho, na watu wazima wanatoa maoni. Mchezo ukiisha kila mmoja hurudi kwake, au hupitia penye nyama choma, na siku imekwisha.

Hali hii si ya Mbalizi pekee. Ndivyo ilivyo Tukuyu, Makambako, Iringa na katika miji mingi ya nchi yetu. Imekubalika, ingawa hakuna kikao kilichopitisha azimio hilo, kwamba mtu akishatimiza miaka arobaini kazi yake katika michezo ni kuwa mlezi wa timu, mgeni rasmi au mtazamaji. Akionekana anakimbia barabarani alfajiri, wapo watakaouliza ni daktari gani aliyemwamuru. Akionekana amevaa vazi jeupe la karate na mkanda mweupe kiunoni, akirusha mateke pamoja na vijana wa umri wa wanawe, watu watacheka waziwazi.

Sisi tunasema kwamba fikra hizo ni potofu, na kwamba zina gharama kubwa kwa mtumishi mwenyewe, kwa familia yake na kwa taifa.

Hebu tuitazame gharama hiyo. Watumishi wa umma walio wengi hustaafu kwa hiari wakiwa na umri wa miaka 55, na kwa lazima wakiwa na miaka 60. Mwalimu mwenye umri wa miaka 45 bado ana miaka kumi na mitano ya kulitumikia taifa lililomsomesha kwa jasho la wakulima. Huo ndio wakati ujuzi wake umekomaa na shauri lake linatafutwa na wenzake. Lakini huo ndio wakati ambapo shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya mgongo humvamia. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2012 kwa watu wa umri kati ya miaka 25 na 64 ulionyesha kwamba kiasi cha mtu mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la damu. Maradhi haya hayaletwi na mbu wala maji machafu. Kwa sehemu kubwa huchangiwa na ulaji wetu, unywaji wetu, sigara, na desturi ya kukaa kitini tangu asubuhi hadi usiku.

Mkulima wa Umalila apandaye na kushuka milima akiwa na gunia la viazi hana haja ya kuhimizwa juu ya mazoezi. Kazi yake imekwisha kumpa. Anayehitaji kuhimizwa ni yule anayemhimiza mkulima. Ni mtumishi ambaye hutoka nyumbani kwa bajaji, huketi ofisini, hurudi kwa bajaji, na usiku huketi tena mbele ya televisheni.

Si kweli kwamba muda haupo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa muda wa dakika 150 hadi 300 kila juma, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli yasiyopungua siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Muda huo ni mdogo kuliko ule ambao wengi wetu tunaupoteza tukingojea vikao vianze.

Wala si kweli kwamba hatukuelezwa. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwezi Desemba 2016, Ndugu Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya mazoezi na kuagiza kwamba Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi kwa wananchi. Kila mtumishi ajiulize mwenyewe, bila kungoja mkaguzi, ni Jumamosi ngapi kama hizo alizotoka nyumbani kwake kwa ajili hiyo.

Basi, ikiwa muda upo na maelezo yametolewa, kinachotuzuia ni nini? Kwa maoni yetu, kikwazo kikubwa si mwili bali ni haya, na nyuma ya haya hiyo kuna cheo.

Katika enzi ya ukoloni mtu mkubwa alikuwa ni yule asiyebeba kitu. Bwana Mkubwa alikwenda safarini, na mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya watu. Tulipojitawala tuliyakataa mengi katika mambo hayo, lakini hili la kuupima ukubwa kwa kutotoka jasho halikutoka lote. Kitambi kikawa ushahidi kwamba mtu amefika. Baadaye, ugonjwa wa ukimwi ulipoenea, nao uliipiga vikali mikoa yetu ya Mbeya na Iringa, kukonda kukawa ni jambo la kutiliwa shaka. Mtu aliyepungua uzito kwa hiari yake alitazamwa kwa jicho la pole na kunong'onezwa. Hofu hiyo ilikuwa na sababu zake wakati ule. Leo haifai kuwa kisingizio.

Wapo waliotangulia kutuonyesha njia nyingine. Mwezi Oktoba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, safari ya siku kadhaa, kwenda kwenye Mkutano Mkuu wa TANU na kuliunga mkono Azimio la Arusha. Alikuwa na umri wa miaka 45. Alikuwa Rais wa nchi, na wananchi waliomwona akipita na vumbi miguuni hawakumheshimu pungufu. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa Awamu ya Pili, alifahamika kwa kupenda mazoezi na matembezi hata katika uzee wake, naye alifariki dunia mwezi Februari 2024 akiwa na umri wa miaka 98.

Lakini matembezi peke yake hayatoshi kuimaliza hoja yetu. Sisi tunapenda kwenda hatua moja mbele. Tunamshauri mtumishi wa makamo aanze mchezo ambao hajaujua kabisa, na hasa mojawapo ya michezo ya kujihami: karate, judo au taekwondo. Tena tunamshauri asiishie kwenye mazoezi, bali siku moja aingie katika mashindano.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya vijana walioyaona katika sinema. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1970 filamu za Bruce Lee zilijaza majumba ya sinema mijini, na vijana wengi walitoka humo wakipigana mateke barabarani. Lakini sinema si historia ya michezo hii. Judo iliasisiwa Tokyo mwaka 1882 na Jigoro Kano, ambaye kazi yake ya maisha ilikuwa elimu, na ambaye kwa miaka mingi alikuwa mkuu wa chuo cha kufundishia walimu. Karate iliingizwa katika shule za Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20 kama somo la kujenga miili na tabia za wanafunzi. Gichin Funakoshi, aliyeitambulisha karate mjini Tokyo mwaka 1922, alikuwa mwalimu wa shule kwa muda mrefu wa maisha yake, na wakati huo alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka hamsini. Hapa kwetu, karate ya mtindo wa Goju-ryu ilianza kufundishwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika, katika majengo ya Shule ya Zanaki. Michezo hii, basi, imelelewa na walimu na imekulia shuleni. Mwalimu wa Mbalizi akiishika hachukui kitu cha kigeni kwa kazi yake.

Tena michezo hii inafaa kwa hali zetu. Karate haitaki viatu, haitaki mpira, haitaki uwanja wenye nyasi. Wakati wa masika, viwanja vyetu vinapogeuka matope, madawati yakisogezwa ukutani darasa moja linatosha watu kumi na watano. Vazi lake refu linasitiri mwili, jambo ambalo litamwondolea wasiwasi mwalimu wa kike au mtu mwenye kushika dini yake. Judo inahitaji mikeka minene ya kuangukia, kwa hiyo gharama yake ni kubwa zaidi. Lakini hata hiyo ni gharama ya mara moja kwa miaka mingi.

Liko somo moja katika judo ambalo tungependa kila mtu mwenye umri wa miaka arobaini alifikirie. Mwanafunzi mpya haanzi kwa kujifunza kumwangusha mwenzake. Huanza kwa kujifunza kuanguka: kukunja kidevu ili kisogo kisigonge chini, kuviringika, kupiga mkeka kwa mkono ili mwili mzima usiumie. Kijana anaweza kuliona somo hili kuwa la kupoteza wakati. Mtu wa makamo hapaswi kuliona hivyo. Kila mmoja wetu anamjua mzee aliyeteleza bafuni au kwenye njia ya matope, akavunjika nyonga, na hakuinuka tena kama alivyokuwa. Misuli yetu huanza kupungua taratibu baada ya umri wa miaka thelathini, na usipoishughulisha hupungua kwa kasi zaidi. Anayejifunza kusimama imara na kuanguka salama akiwa na miaka 45 anajiwekea akiba ambayo hakuna mfuko wa pensheni utakaomlipa.

Tunajua ugumu ulipo. Huenda mtu pekee afundishaye karate katika eneo lako ni kijana uliyemfundisha hesabu darasa la sita. Mlangoni atakuamkia, "Shikamoo, mwalimu," nawe utamwitikia, "Marahaba." Dakika tano baadaye atasimama mbele, wewe utasimama mstari wa nyuma pamoja na watoto wenye mikanda mieupe, naye atakuambia goti lako limepinda vibaya, rudia. Utarudia, na utakosea tena, na mtoto wa miaka kumi na miwili aliye kando yako atapatia. Hapo ndipo watu wazima wengi huacha. Siku ya tatu husema mgongo unauma, au kuna kikao.

Tunawaomba wanaofikia hapo waukumbuke mwaka 1970, ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati ule ni walimu na watumishi waliokwenda vijijini kuwaambia wazee wenye mvi kwamba kujifunza si aibu. Wazee wale walikuwa na wake, wajukuu, mashamba na heshima zao. Waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, wakashika kalamu kwa vidole vilivyozoea jembe. Mara nyingine aliyewaongoza mkono alikuwa mtoto wa shule. Walikosea mbele ya jirani zao, wakafuta, wakaandika tena. Matokeo yake ni kwamba idadi ya wasiojua kusoma na kuandika ilishuka kutoka kiasi cha asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975. Kazi ile ilikuwa ya Serikali na Chama, lakini haya iliyoshindwa ilikuwa ya kila mzee mmoja mmoja.

Tuliwaambia elimu haina mwisho. Je, tulikuwa tunawaambia wao tu? Ikiwa mkulima asiyejua herufi aliweza kuwa mwanafunzi mbele ya macho ya kijiji chake, mwalimu mwenye stashahada na mtumishi mwenye ofisi wana udhuru gani wa kutoweza kuwa wanafunzi mbele ya macho ya mji wao? Na hasa mwalimu atanufaika katika kazi yake. Aliyeonja tena jinsi inavyokuwa kutoelewa kitu ambacho wenzako wameelewa, na mkufunzi akakungoja bila kukutukana, hatarudi darasani na ulimi uleule wa kumwita mtoto mjinga. Tena mtu aliyefunzwa kuisimamisha ngumi yake kabla haijafika usoni kwa mwenziwe amefunzwa kujizuia, na huo ni ujuzi unaohitajika sana mahali penye watoto.

Kuhusu mashindano, wapo wanaouliza kwa nini yawepo, kwa kuwa lengo ni afya. Jibu letu ni kwamba mazoezi yasiyo na tarehe huahirishwa. Mtu aliyejiandikisha kukimbia kilomita kumi au ishirini na moja katika mbio za Mbeya Tulia Marathon ana siku ya kuhesabu, nayo haihamishwi kwa barua. Isitoshe, uwanjani hakuna faili la siri. Mtumishi hupimwa mbele ya watu wote, akishindwa hujua ameshindwa, humpa mshindi mkono, kisha hurudi mazoezini. Ni vyema mtu mwenye madaraka akakumbushwa jambo hilo mara moja kwa mwaka.

Hatusemi mzee ashindanishwe na kijana wa miaka ishirini. Ulimwenguni mashindano ya riadha ya wakongwe, ambayo yalifanyika kwa mara ya kwanza kwa ngazi ya dunia mjini Toronto mwaka 1975, huwapanga watu kwa makundi ya umri kuanzia miaka 35. Katika karate mtu anaweza kushindania mfuatano wa mapigo, uitwao kata, bila kupigana na mtu yeyote. Tungependa kuona SHIMIWI na SHIMISEMITA, mashirikisho yanayowakusanya watumishi wa wizara na wa serikali za mitaa, yakiyatilia mkazo makundi ya umri, ili mtumishi wa miaka 50 asafiri kwenda michezoni akiwa mchezaji, wala si kiongozi wa msafara tu.

Yafaa pia tutoe tahadhari, maana shauri jema likifuatwa kwa pupa huleta msiba. Mtu aliyekaa miaka ishirini bila mazoezi asianze kwa kupigana. Kwanza apimwe shinikizo la damu na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu naye. Wiki za mwanzo zitumike kwa kutembea, kunyoosha viungo na kujifunza misimamo. Katika baridi ya Juni na Julai, ambayo watu wa nyanda za juu hawahitaji kuelezwa, kupasha mwili joto kuchukue muda mrefu zaidi, kwa sababu mishipa ya mtu mzima hukatika kwa urahisi na hupona polepole. Akisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kumwishia kupita kiasi, aache mara moja na amwone mganga. Kujikaza mbele ya vijana katika hali hiyo si ushujaa.

Liko jambo jingine ambalo wanaume hatupendi kulisikia. Mwalimu wa kike amalizapo vipindi vyake hana saa ya kwenda mazoezini, kwa kuwa jikoni kunamngoja. Huchota maji, hupika, huogesha watoto, na usiku husahihisha madaftari. Kumwambia mama huyo afanye karate, huku mumewe ameketi uwanjani akitazama mpira, ni dhihaka. Ikiwa mume anataka mkewe awe na afya baada ya miaka ishirini, basi mara mbili kwa juma aingie yeye jikoni. Hilo nalo lina aibu yake ya kushindwa, na dawa yake ni ileile.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yetu. Walimu wakuu wafungue madarasa jioni kwa ajili ya vikundi vya mazoezi vya watu wazima, na wao wenyewe wawe wa kwanza kujiandikisha. Halmashauri zetu zinapotenga fedha za michezo zisiwasahau wenye umri wa makamo. Vikundi vya karate na judo visajiliwe kwa kufuata taratibu za Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, ili vijulikane kwa viongozi wa mtaa, wakufunzi wake wawe ni watu wenye ujuzi na tabia njema, na pasiwe na mtu atakayegeuza mchezo wa kujihami kuwa mafunzo ya kuonea wengine. Viongozi wa Chama wa matawi na kata nao wasingoje kualikwa kufungua vikundi hivyo. Waende wakiwa na nguo za mazoezi.

Kwa mtumishi mmoja mmoja tuna neno fupi. Usingoje timu, wala waraka, wala mwaka mpya wa fedha. Wapo watakaocheka siku ya kwanza, na baadhi yao watacheka siku ya pili. Wazee wa mwaka 1970 nao walichekwa, wakaendelea, na leo wajukuu wao ndio wanaoandika barua katika ofisi zetu. Kiti kilichotolewa darasani kwa ajili yako ya kutazamia mpira kirudishwe darasani. Wewe vua viatu, simama mstari wa nyuma, uanze.